Waliofungwa na Waliobaki Nyumbani: Huduma ya Kanisa kwa Wafungwa na Familia Zao

Tunapomshukuru Mungu kwa miaka 100 ya usharika wetu, tunahesabu mengi: waliobatizwa, waliobarikiwa kipaimara, ndoa zilizofungwa, majengo yaliyoinuliwa, wainjilisti na wachungaji waliotoka katika nyumba hii. Hesabu hiyo ni njema, na sura nyingine za kitabu hiki zimeieleza. Sura hii inawahusu watu ambao vitabu vyetu vya usharika havina safu kwa ajili yao. Daftari la ubatizo lina mahali pa kuandika jina, wazazi na wasimamizi. Daftari la mazishi lina tarehe ya kufa na tarehe ya kuzikwa. Lakini Mkristo aliyepandishwa karandinga asubuhi moja na asirudi kwa miaka saba haonekani popote, isipokuwa katika orodha ya ahadi, ambako jina lake linaendelea kuandikwa na mbele yake pamebaki wazi. Mke wake huhama benchi alilozoea, akaanza kuketi nyuma karibu na mlango. Watoto wake huacha kuja Shule ya Jumapili, na baada ya muda mwalimu huacha kuuliza habari zao.

Msomaji atauliza kama jambo hili lina nafasi katika kitabu cha shukrani. Lina nafasi, kwa kuwa kazi ya diakonia tunayojivunia, yaani zahanati, vituo vya wasiojiweza na malezi ya yatima, ina asili yake karibu na mlango wa gereza. Ni vema kizazi cha karne ya pili kikaijua asili hiyo.

Msingi katika Neno la Mungu

Katika Mathayo 25 Bwana wetu anajihesabu mwenyewe miongoni mwa walio kifungoni, naye hasemi kama mfungwa huyo alikuwa na hatia au hakuwa nayo. Mwandishi wa Waraka kwa Waebrania, katika sura ya 13, anawaagiza Wakristo wawakumbuke waliofungwa kana kwamba wao wenyewe wamefungwa pamoja nao. Sehemu ya Agano Jipya tunayoisoma kila Jumapili iliandikwa na mtu aliyekuwa minyororoni. Kanisa la Filipi, ambalo Paulo aliliandikia kwa furaha kubwa kutoka kifungoni, lilianza kwa nyumba ya Lidia na nyumba ya mlinzi wa gereza.

Waraka kwa Filemoni, ulio mfupi kuliko nyaraka zote za Paulo, unatufundisha utetezi. Mfungwa anaandika kwa ajili ya mtu mwingine aliye taabuni. Hakani kwamba Onesimo huenda ana deni. Anaahidi kulilipa deni hilo yeye mwenyewe, na anaomba Onesimo apokewe kama ndugu mpendwa. Mambo matatu yamo humo: ukweli juu ya kosa, mtu wa kusimama katikati, na nyumba iliyo tayari kupokea. Huduma kwa wafungwa ikikosa moja kati ya hayo, huchechemea.

Mizizi ya diakonia yetu

Mwaka 1822 kijana mmoja Mjerumani, Theodor Fliedner, aliwekwa kuwa mchungaji wa usharika mdogo na maskini wa Kaiserswerth, karibu na mji wa Düsseldorf. Kiwanda kilichowaajiri washarika wake kilifilisika, naye akalazimika kusafiri hadi Uholanzi na Uingereza kutafuta michango ili usharika usife. Katika safari hiyo aliijua kazi ya Elizabeth Fry, mwanamke Mkristo aliyeingia katika gereza la Newgate, London, kwa mara ya kwanza mwaka 1813, akawakuta wanawake wamesongamana pamoja na watoto wao wadogo. Fry aliwaanzishia shule na kazi za kushona, na mwaka 1817 akaunda chama cha kuwasaidia.

Fliedner aliporudi alianza kuhubiri katika gereza la Düsseldorf, na mwaka 1826 alishiriki kuanzisha chama cha kuwahudumia wafungwa katika eneo lake. Hata hivyo aliona kwamba mahubiri ndani ya gereza hayakutosha. Mwanamke aliyemaliza kifungo alitoka akiwa hana nyumba, hana kazi, wala jamaa wa kumpokea, na haikuchukua muda akarudi kule kule alikotoka. Mwaka 1833 mchungaji huyo na mkewe Friederike walimpokea mwanamke mmoja aliyefunguliwa, wakampa mahali pa kulala katika kibanda cha bustanini kwao. Wengine wakafuata. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1836, nyumba ya madiakonisa ilifunguliwa Kaiserswerth, pamoja na hospitali. Florence Nightingale, anayekumbukwa na wauguzi duniani kote, alikwenda kujifunza huko.

Mbegu hiyo ilienea. Mwaka 1869 nyumba ya madiakonisa ya Sarepta ilianzishwa huko Bielefeld kwa msaada wa madiakonisa wa Kaiserswerth, na Mchungaji Friedrich von Bodelschwingh akaikuza kazi ya Bethel mahali hapo. Mwaka 1882 alianzisha Wilhelmsdorf, makazi ya kazi kwa watu waliotangatanga bila ajira. Misheni iliyoungana na Bethel ndiyo iliyofanya kazi Usambara tangu 1891 na baadaye Bukoba. Huko Lutindi, katika milima ya Usambara, watumishi wa Bethel waliwatunza kwanza watoto waliookolewa katika utumwa, kisha wagonjwa wa akili ambao jamii iliwafunga kamba na minyororo. Kwa hiyo diakonia iliyotufikia sisi ilikuwa imekwisha kuzoea mlio wa pingu.

Magereza katika nchi yetu

Wazee wetu walilijua gereza pamoja na utawala wa kigeni. Katika maboma ya Wajerumani wafungwa walifungwa mnyororo mmoja shingoni, wakatembezwa barabarani kubeba maji na mawe, na adhabu ya viboko 25, iliyoitwa hamsa ishirini, iliingia katika lugha na nyimbo za watu. Machi 1900 Mangi Meli na viongozi wenzake walinyongwa Moshi. Februari 1906, wakati wa Vita vya Majimaji, viongozi wa Wangoni walinyongwa Songea, na baadhi yao walibatizwa na padri muda mfupi kabla ya kufa. Tukio hilo la Songea linatuuliza swali zito sisi sote tunaotumika madhabahuni, wala si ndugu zetu Wakatoliki peke yao: Kanisa lilipofika na maji ya ubatizo, nani alifika na ombi la kuwaokolea uhai?

Chini ya Waingereza idara ya magereza ilitenganishwa na polisi mwaka 1931. Mwaka 1947 ilitungwa sheria ya uangalizi wa wahalifu nje ya gereza, ambayo ingali msingi wa huduma ya uangalizi hadi leo. Vita vya pili vya dunia vilipoanza mwaka 1939, wamisionari wa Kijerumani walikusanywa na kuwekwa kizuizini kama raia wa nchi adui. Sharika za Kilutheri zikabaki mikononi mwa wachungaji wachache wa Kiafrika, wainjilisti na walimu. Kanisa letu basi lina kumbukumbu ya ndani juu ya kifungo: limewahi kuamka asubuhi na kukuta wachungaji wake wamechukuliwa.

Baada ya Uhuru sheria zilibadilika kwa namna mbili. Kwa upande mmoja, Sheria ya Adhabu za Chini ya mwaka 1963, na nyingine iliyofuata mwaka 1972, zilimpunguzia hakimu nafasi ya kupima hali ya mkosaji. Kwa upande mwingine, taifa lilitaka gereza liwe mahali pa kumrekebisha mtu. Sheria ya Magereza ya mwaka 1967 iliweka taratibu mpya, na mashamba na karakana za magereza zilikusudiwa kumpa mfungwa ujuzi. Viatu vya Karanga, Moshi, vinajulikana hadi leo. Ndugu zetu wa Zanzibar wamekwenda mbali zaidi kwa jina, maana huko gereza huitwa Chuo cha Mafunzo.

Nia hiyo njema ilielemewa na msongamano. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 magereza ya Tanzania Bara yalikuwa na watu zaidi ya 40,000, idadi iliyopita kwa mbali uwezo wake. Novemba 2002, wilayani Mbarali, mkoani Mbeya, watu 17 walikufa kwa kukosa hewa katika chumba cha mahabusu kilichojazwa kupita kiasi. Kifo chao hakikutokana na hukumu ya mahakama yoyote, kwa kuwa mahabusu ni mtu ambaye kesi yake haijaamuliwa.

Ni lazima washarika walielewe neno hilo vizuri. Mfungwa amehukumiwa. Mahabusu anangoja. Katiba yetu, Ibara ya 13, inakataza mtu anayeshtakiwa kutendewa kama mwenye hatia kabla hatia haijathibitishwa. Hata hivyo, kwa makosa kama mauaji na unyang'anyi wa kutumia silaha sheria hairuhusu dhamana, na mshtakiwa hurudishwa rumande mara kwa mara akisikia kauli ile ile, kwamba upelelezi haujakamilika. Kwa makosa madogo dhamana ipo, lakini hutakiwa wadhamini wenye barua ya Serikali ya Mtaa na vitambulisho. Asiye na jamaa mjini hukaa ndani kwa sababu hiyo tu. Matajiri wachache hukaa rumande kwa kosa la kuku.

Waliobaki nyumbani

Hukumu husomwa kwa jina la mtu mmoja, lakini hutumikiwa na nyumba nzima. Mke huuza mbuzi, kisha kiwanja, ili kulipia wakili na nauli. Kama mume amehamishiwa gereza la mkoa mwingine, Isanga, Butimba au Lilungu, safari moja ya kumwona kwa dakika chache humaliza akiba ya mwezi. Mtoto huitwa shuleni kwa jina la kosa la baba yake. Wazazi wazee huona aibu kuomba maombi hadharani, nao husema kijana amesafiri. Kama mama ndiye aliyefungwa, hali huwa ngumu zaidi. Mtoto mchanga huingia gerezani pamoja naye, na wale wakubwa hugawanywa kwa ndugu. Kwa sababu hiyo Umoja wa Mataifa ulipitisha mwaka 2010 kanuni maalumu juu ya wanawake wafungwa, zijulikanazo kama Kanuni za Bangkok, ambazo zinataka masilahi ya watoto hao yatazamwe.

Historia ya Kilutheri inatupa mifano miwili ya kutafakari. Wa kwanza ni Harald Poelchau, mchungaji wa gereza la Tegel, Berlin, tangu mwaka 1933. Katika miaka ya utawala wa Hitler aliwasindikiza watu wengi hadi mahali pa kunyongewa. Pamoja na sala na Meza ya Bwana, alifanya kazi moja iliyoweza kumgharimu maisha: alibeba barua kwa siri kati ya wafungwa na jamaa zao. Helmuth James von Moltke, aliyeuawa Januari 1945, na mkewe Freya waliandikiana kwa njia hiyo hadi siku za mwisho. Poelchau alielewa kwamba mchungaji wa mfungwa ni mchungaji wa nyumba yake pia.

Mfano wa pili uko karibu nasi. Mchungaji Gudina Tumsa, Katibu Mkuu wa Kanisa la Mekane Yesus la Ethiopia, alitekwa na kuuawa mwaka 1979. Mkewe, Tsehay Tolessa, alikamatwa mwaka uliofuata, akateswa na kuwekwa kifungoni karibu miaka 10 bila kuhukumiwa na mahakama. Watoto wao walitawanyika. Alipoachiliwa aliishi kuwa shahidi wa imani yake. Ukimsoma mama huyu huwezi tena kusema kwamba jela ni habari ya wezi peke yao.

Kufungua kinywa kwa ajili yao

Kutembelea ni sehemu ya kwanza ya huduma hii, na sharika nyingi zimeifanya kwa uaminifu. Kwaya huimba gerezani wakati wa Noeli na Pasaka, Umoja wa Wanawake hupeleka sabuni, nguo, dawa za meno na taulo za kike, na mwinjilisti hufundisha darasa la ubatizo. Utaratibu wa magereza unaruhusu huduma za dini, na maafisa wengi hutupokea kwa heshima. Nao tuwaombee, maana askari magereza hutumia miaka mingi ya maisha yake nyuma ya kuta zile zile.

Sehemu ya pili ni utetezi, na hapo tumekuwa wazito. Wengine hudhani kwamba kumsemea mfungwa ni kutetea uovu au kubishana na Serikali. Lakini Serikali yenyewe imefungua milango kadhaa kwa sheria. Sheria ya Bodi za Parole ya mwaka 1994 inampa mfungwa anayestahili nafasi ya kumalizia adhabu yake nje, chini ya masharti. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 inairuhusu mahakama, kwa makosa ya kifungo kisichozidi miaka 3, kumpa mkosaji kazi ya manufaa kwa umma badala ya kumpeleka gerezani. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria na kumwezesha asiye na uwezo kupata msaada. Tarehe 9 Desemba 2019 Rais alitoa msamaha kwa wafungwa 5,533, na wengi wao walihitaji mtu wa kuwapokea siku ile ile.

Hata juu ya adhabu ya kifo mjadala umo ndani ya mahakama zetu. Mwaka 1994 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu aliamua kwamba adhabu hiyo inapingana na Katiba, na mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikatengua uamuzi huo. Novemba 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Arusha, iliamua katika shauri la Ally Rajabu na wenzake kwamba kumlazimisha jaji kutoa hukumu hiyo, bila nafasi ya kupima hali ya mshtakiwa, ni kuivunja haki ya kuishi. Mkristo anaweza kuwa na maoni yake katika jambo hili, lakini asiwe mtu asiyelifahamu.

Utetezi wa usharika si lazima uanze na mambo makubwa hayo. Huanza kwa kujua mahabusu wetu ni nani, yuko gereza gani, na kesi yake itatajwa lini. Huanza kwa wazee wawili wa Kanisa kufika mahakamani siku hiyo na kuketi kimya pamoja na mama yake. Kati yetu wamo mawakili, mahakimu wastaafu na walimu. Mmoja anaweza kuieleza familia maana ya hati waliyopewa, na mwingine kuiandika rufaa kabla muda haujapita. Juu ya dhamana tuwe na busara. Mdhamini anajifunga kisheria, na mshtakiwa akitoroka anaweza kupoteza mali yake. Kwa hiyo jambo hilo liamuliwe na mtu mwenyewe, akimjua anayemdhamini, wala lisisukumwe kwa maneno ya madhabahuni.

Tusisahau pia aliyetendewa uovu. Mjane wa aliyeuawa na mke wa aliyefungwa kwa mauaji hayo wanaweza kuwa washarika wa usharika mmoja, hata jumuiya moja. Mchungaji hawezi kumchagua mmoja akamwacha mwingine. Ni lazima aende nyumba zote mbili, na aanzie kwa mjane.

Siku ya kurudi

Fliedner aligundua kwamba siku iliyo ngumu kuliko zote ni ile ya kufunguliwa. Kwetu sisi mtu hutoka akiwa na nguo alizoingia nazo. Hukuta shamba lina mwingine, na pengine hata mke. Majirani humwita mtu wa jela, na kuku wakipotea mtaani huulizwa yeye kwanza. Jumapili akija kanisani, hutakiwa kufuata utaratibu wa kurudi kundini.

Nidhamu ya Kanisa ni dawa, nami siipingi, lakini dawa hupimwa. Mahabusu asiyehukumiwa asitengwe na Meza ya Bwana kana kwamba mchungaji amekwisha kutoa hukumu kabla ya hakimu. Aliyetumikia adhabu na kutubu asisimamishwe mbele ya usharika aeleze upya mambo ambayo mahakama ilimaliza. Mafundisho yetu ya kuhesabiwa haki kwa neema kwa njia ya imani, ambayo kila mwana wa kipaimara ameyajifunza katika Katekisimu, yana mahali pa kupimiwa. Mahali hapo ni benchi atakaloketi mtu huyu, na nani ataketi karibu naye.

Kwa karne ya pili ya usharika wetu naomba mambo machache yanayowezekana. Baraza la Wazee lifungue daftari la walio kifungoni, lenye jina la mfungwa, gereza alipo, na jina la mzee wa Kanisa aliyekabidhiwa familia yake, nalo litunzwe kwa siri kama inavyostahili. Jina lake libaki katika orodha ya washarika, na familia isidaiwe ahadi yake. Ada na sare za watoto hawa ziingizwe katika bajeti ya diakonia kila mwaka, zisingoje harambee. Mwanamke aliyehamia benchi la nyuma afuatwe na wanawake wenzake, wala si na mchungaji peke yake. Na atakapotoka mtu, pawepo nyumba moja ya msharika ambayo atakula na kulala usiku wa kwanza.

Yeye aliyesulubiwa kati ya wahalifu wawili, akamfungulia mmoja wao Paradiso siku ile ile, atujalie neema ya kuwafuata watu wake hadi huko waliko, na kuwarudisha nyumbani. Utukufu una yeye hata milele. Amina.